Mbona hadithi moja nauziwa mara mbili?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nilinunua filamu ya Kibongo, mume anafungua tu bahasha ya majibu, mara maandishi: “Usikose sehemu ya pili.” Kwa nini wanatufanyia hivi? Na filamu za kutafsiriwa, zile mtafsiri anaongea Kiswahili juu ya sauti ya filamu, unazionaje? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mchezo huo ni wa zamani. VCD, diski ya video iliyotangulia DVD, hubeba dakika 74 hadi 80 hivi, kwa hiyo filamu ya saa mbili ilidai diski mbili. Wanigeria nao walishaonja utamu wake tangu enzi za mikanda ya VHS: filamu yao Living in Bondage ilitoka 1992, ya pili ikafuata. DVD ilipokuja, nafasi ikawa tele, ila mazoea hayakuondoka.

Mimi huwagundua mapema. Gari likipiga honi getini, mlinzi akaja kwa mwendo wa harusi, dada akapokea mkoba, bosi akapanda ngazi moja moja, na bado hakuna aliyesema neno, basi najua wanavuta muda. Hiyo siinunui.

Za kutafsiriwa nazitaka za mapigano tu. Mtafsiri akitia chumvi, nacheka. Lakini Neria ya Zimbabwe? Mjane ananyang’anywa mali na shemeji yake, Oliver Mtukudzi anaimba, halafu mtu apige domo juu ya wimbo ule! Tafuta nakala isiyoguswa.

Na muuzaji akuwekee diski zote mbili kwenye deki yake kabla hujalipa, azipeleke hadi mwisho.