Barua za kijana wangu baharia zimekuwa fupi, nimekosea wapi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa ubatizo wa kijana wa miaka 22, baharia kwenye meli ya mizigo. Tangu aanze kazi tunaandikiana. Mwanzoni barua zake zilikuwa ndefu, zimejaa maswali ya imani. Aliwahi kuniuliza: "Nikiwa zamu usiku naanza kusali, naishia katikati. Sala kama hiyo inahesabika?" Nilimtumia mistari ya Biblia kumwonya juu ya pombe na marafiki wabaya wa bandarini. Siku hizi ananijibu kwa sentensi mbili tu. Kikundi chetu cha maombi, ambacho huwa nakisomea barua zake, kinasema nizidi kumkemea. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Upendo wako kwa kijana huyu unaonekana, kwa hiyo nitasema wazi. Umelitaja kwa kupita tu, lakini mimi ndilo lililonishtua: unawasomea watu barua zake. Yeye anajua? Aliyekueleza kwamba sala inamshinda alikuambia wewe, hakukiambia kikundi. Habari za namna hii hazikawii kumfikia mwenyewe, hata akiwa katikati ya bahari. Acha leo. Kikundi kinaweza kumwombea kwa jina bila kujua aliyoandika. Kisha mwambie ulichofanya na umwombe radhi, bila kujitetea.

La pili ni lile swali. Hukulijibu, mama. Aliuliza kuhusu sala, ukamjibu kuhusu pombe. Ameona kwamba akikuuliza anaonywa, basi haulizi tena.

Fikiria anaulizia wapi. Mwenye zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri huirudia saa sita mchana hadi saa kumi jioni, Jumapili ikiwemo. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unampa mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa kila saa 24, na hizo zinaweza kukatwa vipande viwili. Sala yake inakatika kwa sababu amechoka. Imani haijamtoka, aliyepoteza imani asingejisumbua kuuliza kama sala yake inahesabika.

Kwa hiyo mwandikie: "Inahesabika, mwanangu. Mungu anaijua hiyo nusu nyingine." Kisha mweleze za kwako. Je, wewe hujawahi kulala na rozari mkononi, au kusimama kanisani huku moyo uko mbali? Mwambie. Urafiki ambao mmoja anaungama na mwingine anahukumu haudumu, hata kama anayehukumu ana nia njema. Muulize pia mambo yasiyo ya dini: anakula na nani, nani anamfundisha kazi, usiku baharini anaona nini. Ukimjua anavyoishi, ushauri wako wa kiroho utapata pa kushika.

Unapenda Maandiko, basi soma tena Matendo ya Mitume sura ya 27. Meli imepigwa na dhoruba, siku ya 14 imefika, watu 276 wamo ndani na hawajala. Paulo anawasihi wapate chakula kwanza. Anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kuanza kula, nao wanachangamka. Hakuanza kwa kuwahesabia dhambi mabaharia wale.

Simaanishi unyamaze akipotea. Akikuandikia mwenyewe kwamba bandarini mambo yanamshinda, sema ukweli, kwa kifupi, mara moja.

Akitaka kuongea na mtu ana kwa ana, bandari nyingi duniani zina makasisi wanaopanda melini kuwatembelea mabaharia. Stella Maris ya Kanisa Katoliki ilianza Glasgow mwaka 1920, na Mission to Seafarers ya Kianglikana iko tangu 1856. Wanampokea baharia wa dini yoyote. Mwambie wapo, uamuzi umwachie yeye.

Ila kuna barua moja isiyojibiwa kwa sala peke yake. Akiandika kwamba hapati usingizi, hawezi kula, au haoni sababu ya kuishi, mpe habari za SeafarerHelp, huduma ya bure ya kuwasikiliza mabaharia, usiku na mchana. Tafuta njia ya kusikia sauti yake siku hiyohiyo, na kama hapatikani, wasiliana na kampuni ya meli yake. Usingoje barua ijayo.