Bakteria wa udongoni na miwa

Mkuu, umeuliza kama hao bakteria wanaouzwa kwa wakulima wanakuza miwa kweli au ni maneno ya wauzaji tu. Wapo, tena kazi yao ni kubwa. Kuna Gluconacetobacter diazotrophicus, huyu alielezwa Brazili mwaka 1988 na watafiti kina Johanna Döbereiner, anaishi ndani ya muwa wenyewe, anakula sukari yake halafu anachukua naitrojeni ya hewani anaigeuza chakula cha mmea, yaani mi hapo ndo huwa nashangaa kabisa. Bakteria wengine, Azospirillum, nao wanakaa mizizini wanatoa homoni, mizizi inaongezeka inafyonza maji vizuri. Ila usiache mbolea ghafla, na ukimwaga mbolea ya yurea nyingi mno hao bakteria wanapunguza kutengeneza naitrojeni. Chovya vipande vya miwa vya mbegu kwenye maji yenye hao bakteria, panda fasta, jua kali linawaua.