Ilala ndiyo Jiji sasa

Mkuu, unasema Ilala bado ni manispaa. Hapana, Manispaa ya Ilala haipo tena. Februari 2021 Rais Magufuli alivunja ile Halmashauri ya Jiji ya zamani na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Ndiyo maana leseni ya duka la Kariakoo au Buguruni inaandikwa Jiji, wakati ya Sinza inatoka Manispaa ya Ubungo. Mimi nahangaika na vibali vya watu kila wiki, naona mihuri yote.

Jiji la zamani halikuwa na kata zake. Lilikaa juu ya manispaa, madiwani wake wakitoka humohumo, likashika mambo ya pamoja kama dampo la Pugu na stendi ya Ubungo. Jiji la leo ni Ilala tu, kwa hiyo meya wake hana mamlaka Kinondoni wala Temeke, jina lisikuchanganye.

Ila wilaya bado ni Ilala, na mkuu wa wilaya wake yupo. Kilichobadilika ni halmashauri tu. Na huyo meya anachaguliwa na madiwani, si sisi kwenye foleni ya kura.