Unataka kununua rashasha ya Mjapani iliyozimwa? Anza na makaratasi

Naandikia zaidi wale ndugu zetu walioko Uingereza maana huku ndo naishi na huku ndo nimenunulia ya kwangu, rashasha nyepesi ya Kijapani ya vita vya pili, Type 99, imezimwa haiwezi kupiga tena hata risasi moja. Watu wananiuliza sana naipataje, bei gani, polisi hawaji? Polisi hawaji kama umefuata sheria, na sheria sio ngumu ila inataka mtu makini.

Kitu cha kwanza kabisa uliza cheti cha kuzimwa. Sio picha ya cheti kwenye simu, cheti chenyewe, halafu shika bunduki mkononi na ulinganishe namba iliyoko kwenye chuma na namba iliyoko kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Huku kazi ya kukagua na kupiga muhuri kwamba silaha imezimwa wanafanya proof house, ziko mbili, London na Birmingham, na muhuri wao lazima uuone kwenye chuma. Muuzaji akianza kukwambia cheti kiko kwa mwanangu, ntakutumia kwa posta, we mshukuru uondoke zako.

Sasa hapa ndo penye utata na naomba usome taratibu. Bunduki zilizozimwa zamani, miaka ya tisini, nyingi bolti inasogea, unaweza kuikoki na kubonyeza triga ukasikia mlio, watu wanazipenda kwa hilo. Lakini viwango vya Ulaya vilibadilika Aprili 2016, siku hizi vitu vya ndani vinachomelewa, mtutu unazibwa, magazini haitoki au panazibwa isiingie. Na toka 2017 huku ni kosa kuuza au hata kumzawadia mtu bunduki ya viwango vya zamani mpaka irudiwe kwa viwango vipya. Kukaa nayo mwenyewe unaruhusiwa, kuihamisha kwa mtu mwingine ndo shida. Kwa hiyo ukikuta mtu anakuuzia "ya zamani inayocheza" kwa bei ya kutupa, anakuuzia kesi. Alafu kuna kuwaarifu Home Office, wizara yao ya mambo ya ndani, kwamba unayo na umeipata kwa nani, hiyo ipo toka mwisho wa 2019, usiipuuze. Chini ya miaka 18 hauziwi. Na usitembee nayo barabarani eti imezimwa, mtu akiiona dirishani kwenye gari atapiga simu na watakaokuja wana silaha zinazofanya kazi, we ibebe imefungwa kwenye boksi.

Baada ya makaratasi njoo kwenye bunduki yenyewe. Wajapani walikuwa na aina tatu kubwa za rashasha nyepesi na nyuma ya zote kuna jina la mbunifu wa silaha Nambu Kijiro, ndo maana wengi huku wanaita Nambu tu bila kutofautisha. Type 11 ya mwaka 1922 ndo ya ajabu kuliko zote, haina magazini, ina kama kisanduku pembeni unaweka klipu sita za risasi tano tano, zilezile za bunduki ya kawaida ya askari, na ilikuwa na kitangi cha mafuta cha kupaka risasi ili zisikwame. Wazo zuri, ila mafuta yakikutana na vumbi na mchanga ndo matatizo yanaanza. Type 96 ya 1936 ikaja na magazini ya juu ya risasi 30, bado risasi ya 6.5 mm. Type 99 ya 1939 ikaenda risasi kubwa ya 7.7 mm, na hiyo haikuhitaji mafuta.

96 na 99 zinafanana mno na nimeona hata kwenye minada zimeandikwa ndivyo sivyo. Angalia magazini, ya 96 imepinda zaidi. Angalia mdomo wa mtutu, 99 ina kile kikoni cha kuficha mwanga wa moto. Zote mbili zina pa kuchomeka singe, yaani singe kwenye bunduki ya kilo tisa kumi! Watu wakiona magazini juu wanasema ni kopi ya Bren, rashasha nyepesi ya Waingereza, hapana, Wajapani walikutana na rashasha ya ZB 26 ya Wacheki kule China na umbo la nje linafanana, ndani ni kitu kingine.

Namba ya aina sio mwaka wa kutengenezwa. 96 na 99 ni tarakimu za mwisho za kalenda ya kifalme ya Japani, 2596 na 2599. Mwaka wa kutengenezwa unaandikwa kwa miaka ya Showa, yaani ya utawala wa mfalme Hirohito, pamoja na mwezi, we chukua namba ya mwaka ujumlishe 1925. Ukiona 17.5 hiyo ni Mei 1942. Karibu na hapo kuna alama ya kiwanda na namba ya bunduki. Kama hayo maandishi yamesuguliwa mpaka yamefifia, bei ishuke sana au uache.

Na tafadhali USIISUGUE. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu inaniuma kuona chuma cha miaka themanini kimepigwa msasa na rangi nyeusi ya kopo kiwe kama kipya. Kutu jekundu litoe na mafuta mepesi na kitambaa, ule weusi wa zamani uache. Mbao za kitako pangusa tu, usipake vanishi. Mikwaruzo ndo historia ya hicho kitu.

Historia yenyewe sisi tumo ndani. Keya, yaani King's African Rifles, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika ya kule, tope mpaka magotini, magari hayapiti, na wakaichukua Kalewa Desemba mwaka huohuo na daraja likawekwa mto Chindwin. Bombomu za Wajapani zilizokuwa zinawapiga kutoka vichakani ni hizi hizi. Mimi ndo sababu nimeinunua, sikutaka ya Mjerumani wala Mmarekani. Wakusanyaji wenzangu huku wanajua kila kitu kuhusu Iwo Jima, kile kisiwa Wamarekani walichopigania na Wajapani, na hawajawahi kusikia Kabaw, kwa hiyo nimeweka kadi pembeni yake yenye majina ya sehemu zile na kila anayekuja nyumbani namsimulia.

Mkiwa na ndugu Marekani mwambieni sheria ya kule ni tofauti kabisa, rashasha iliyozimwa kwa mtindo wa zamani, wanaziita DEWAT, kisheria bado ni rashasha na lazima iwe imesajiliwa. Ya babu wa mtu iliyokutwa darini bila usajili ni kosa la jinai hata kama mtutu wake umezibwa kwa chuma.

Na wanaoniuliza kuhusu kuituma nyumbani Dar au Mombasa kwa kontena, msifanye. Afisa wa forodha ataona rashasha, cheti cha Birmingham hakimuhusu, na anayekwenda kupokea mzigo bandarini ni mdogo wako sio wewe.