Beaulieu wamegeuka Hudon: ukoo umepotelea wapi?

SWALI: Mume wangu ni Mkanada wa Québec, jina la ukoo Beaulieu. Nimewafuata wazee wake hadi ndoa ya 1802 huko Rivière-Ouelle. Nyuma ya hapo sioni Beaulieu hata mmoja, ila Hudon tele. Tena vizazi vya baadaye karibu kila mvulana ni Joseph! Nimekosea wapi?

JIBU: Pengine hujakosea, dada. Rivière-Ouelle ndiko waliko Hudon dit Beaulieu. Neno "dit" maana yake "aitwaye", na kinachofuata ni lakabu. Askari walizipata jeshini. Nyingine zilitokana na mahali, au zilitenganisha koo zenye jina moja. Ugumu ni kwamba lakabu ilirithiwa pamoja na jina lenyewe. Ndugu wa tumbo moja, huyu kaandikwa Hudon, yule Beaulieu. Hata mtu mmoja aliweza kubatizwa kwa jina hili akazikwa kwa lile. Ila usirukie: zipo koo nyingine zilizobeba lakabu ya Beaulieu bila undugu wowote na Hudon.

Kwa hiyo acha kufuata jina, fuata mume na mke. Katika daftari za parokia mwanamke hubaki na jina la ukoo wa baba yake hata baada ya kuolewa, kama binti fulani wa kwetu pwani. Majina mawili ya wanandoa yakitafutwa pamoja hayakupotezi kwa urahisi.

Fungua picha ya ukurasa wa ndoa ya 1802. Faharasa peke yake haitoshi, kwa sababu aliyeiandaa huenda alichukua jina moja akaacha lakabu. Kwa kawaida ndoa ya kwanza hutaja wazazi wa pande zote mbili na parokia zao. "Feu" mbele ya jina la mzazi ni marehemu. "Veuf" au "veuve" ni mjane, na hapo padri mara nyingi hutaja mwenzi aliyefariki badala ya wazazi, basi rudi kwenye ndoa iliyotangulia. "Mineur" mwaka huo ni aliye chini ya miaka 21. Kabla ya 1783 mpaka ulikuwa 25, usije ukakosea kukadiria mwaka wa kuzaliwa. Ukiona ruhusa ya kanisa ya kuoana licha ya undugu wa daraja la tatu, maharusi wana babu mkuu au bibi mkuu mmoja, yaani mzazi wa babu au bibi yao.

Ukurasa ukiwa umeliwa na wadudu, tafuta nakala ya pili: daftari ziliandikwa mara mbili, moja ikabaki kanisani, nyingine ikaenda mahakamani. Mkataba wa ndoa ulioandikwa kwa mthibitishaji wa hati (notaire) nao hutaja wazazi. Jaribu pia tahajia ya Udon, maana H haitamkwi.

Joseph, na Marie kwa wasichana, ni jina la ibada tu. Akiandikwa Joseph Germain Pierre, nyumbani huenda aliitwa Pierre. Mtoto akifa, mdogo wake aliweza kupewa jina lile lile. Kagua maziko kabla ya kuchagua ubatizo.

Ukishapata wazazi wa bwana harusi, orodhesha ubatizo wa watoto wao wote. Hudon na Beaulieu vikipishana chini ya baba na mama wale wale, umethibitisha. Endelea hivyo ndoa kwa ndoa. Mstari ukiwa ni wao, utafika kwa Pierre Hudon na Marie Gobeil, waliooana Québec mwaka 1676.