Maneno yanahama, noti zinabaki

Swali: Jambo mwalimu. Ninaandika nyimbo za kwaya yetu kwa MuseScore, programu ya kuandika noti za muziki kwenye kompyuta. Maneno niliyaweka kama maandishi ya kawaida chini ya mistari, na vistari vya kugawa silabi nikavipanga kwa mkono. Nikiongeza kipimo kimoja tu, maneno yote yanahama. Tena waimbaji wakifika kwenye "Mun-gu" sauti inakatika. Nifanye nini? *Mwanakwaya, Kadutu, Bukavu*

Jibu: Jambo sana binti yangu. Futa hayo maandishi yote. Hayajafungwa kwenye noti yoyote, ndiyo maana yanahama. Chagua noti ya kwanza, bonyeza Ctrl na L, kisha andika. Kitufe cha nafasi kinakupeleka kwenye neno jingine. Kistari kinakupeleka kwenye silabi inayofuata ya neno lilelile, na programu inakichora yenyewe. Ukiwa na kibodi ya Kifaransa, kistari kiko kwenye 6 na mstari wa chini kwenye 8, bila Shift.

Silabi ya mwisho ikivutwa juu ya noti kadhaa, kama "na" ya "A-mi-na", endelea kwa mstari wa chini mpaka mvuto uishe. Ikivutwa ya katikati, rudia kistari kwa kila noti. Ubeti wa pili unaanza kwa Enter.

Sasa "Mun-gu". Hapo ndipo ninapokuomba usikilize vizuri, maana kosa hili naliona kwenye partisyo (karatasi za noti) nyingi za hapa Bukavu. Tumesoma shule kwa Kifaransa, basi tunakata maneno Kifaransa. Silabi ya Kiswahili inapenda kuishia kwenye vokali: Mu-ngu, ku-o-mba, u-pe-ndo. Ukiandika "Mun" chini ya noti ndefu, alto wanafunga mdomo kwenye "n" mapema, na vokali iliyopaswa kujaza kanisa inakufa puani. Andika "Mu" peke yake, wataishika "u" mpaka mwisho, na "ngu" itaangukia noti yake.

"Mkombozi" ni M-ko-mbo-zi: "m" ya mwanzo ni silabi kamili, inadai noti yake. Lakini sisi huku tunatamka "Mukombozi", na mimi naandika hivyohivyo, Mu-ko-mbo-zi. Partisyo ni ya mwimbaji, na soprano hawezi kuvuta "m" tupu kwa sauti nzuri.

Nyimbo zikiwa nyingi, andika kwanza maneno yote pembeni yakiwa na vistari vyake, yanakili, halafu chagua noti ya kwanza, bonyeza Ctrl na L, kisha Ctrl na V mara kwa mara. Kila mbonyezo unaweka silabi moja.