Lori lako umeliegesha wapi? Somo la daraja la mshazari

Hesabu yangu ya kwanza ya daraja la mshazari ilinifurahisha kupita kiasi. Mto uliikata barabara kwa upande, kwa hiyo kuta za daraja zikafuata mkondo wa maji, nyuzi 40 kutoka mkao wa mraba. Bamba la zege lilikuwa la mita 12 kufuata barabara, upana mita 8. Nikaweka lori katikati, kompyuta ikatoa momenti ya kupinda (kipimo cha jinsi mzigo unavyolikunja bamba) ndogo kuliko ya daraja lililonyooka. Nikapunguza nondo, nikampelekea mkubwa wangu michoro huku natabasamu.

"Lori lako umeliegesha wapi, kijana?"

"Katikati, mzee."

"Na likisogea?"

Akachukua jalada la faili, akalikata kwa umbo la bamba langu, akalilaza juu ya penseli mbili zikiwa ndizo kuta na kulibonyeza katikati kwa kidole. Pembe mbili kali zikainuka. Jaribu mezani kwako, utaelewa kuliko nikieleza.

Mzigo hutafuta njia fupi. Kwenye bamba lile, pembe butu hadi pembe butu ni mita 9.6 tu, pembe kali hadi pembe kali ni zaidi ya 20. Basi bamba hupinda kimshazari huku likijisokota, na uzito mwingi huangukia pembe butu. Momenti ya katikati hupungua kweli, lakini msokoto unaingia, na nguvu ya kukata, ile inayotaka kulikata bamba karibu na ukuta, inapanda kwenye pembe hizo butu. Kanuni za AASHTO, jumuiya ya maafisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, kwa madaraja ya boriti, huruhusu kupunguza momenti mshazari ukizidi nyuzi 30, na papo hapo hutaka uongeze nguvu ya kukata kwenye pembe butu. Wengi husoma ruhusa wakaishia hapo. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo litembeze lori. Lisogeze mpaka ukingoni, ekseli nzito zikaribie ukuta upande wa pembe butu. Afrika Mashariki lori huruhusiwa hadi tani 56, ila kwenye bamba fupi usihangaike na jumla hiyo: ekseli tatu za nyuma zilizobanana, tani 24, ndizo zitakazokuumiza. Na kwa kuwa tunaendesha kushoto, angalia kama pembe butu iko pale lori linapoingilia. Udongo nyuma ya ukuta ukititia, kila gurudumu litaitwanga kona hiyo.

Chini ya nyuzi 20 sijisumbui sana. Zaidi ya hapo, kwanza nauliza kama barabara haiwezi kupindishwa kidogo. Wapimaji hawanipendi kwa swali hilo.

Siku hizi nikikagua daraja la namna hii naanzia pembe butu: juu natafuta nyufa, chini natazama beringi ya mpira, ule mto unaobeba bamba juu ya ukuta, imebonyea kiasi gani. Kisha naenda pembe kali na karatasi mkononi, naipenyeza kati ya bamba na beringi. Ikipita, pembe imeinuka, na hiyo ndiyo habari inayofungua ripoti yangu.